Kwa Baiskeli Kati ya Mizabibu na Lavenda: Kutoka Orange hadi Cavaillon kwa Barabara Ndogo

Safari hii niliifanya mwishoni mwa Julai pamoja na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anayefanya kazi Lyon, na nimeiandika baada ya kurudi Dodoma, daftari, risiti na picha zikiwa mezani. Kabla ya kuondoka tulikubaliana kwamba huko kusini mwa Ufaransa, ambako kila kiangazi magari ya watalii hujaa barabara kuu, tutapita pale tu ambapo mtu husikia mnyororo wa baiskeli yake mwenyewe. Jambo hilo linawezekana kabisa katika eneo lililo kati ya mto Rhône na nyanda za juu za Sault, ila humtaka msafiri achague barabara mojamoja na aamke mapema. Kwa hiyo nitaeleza barabara kwa kirefu kuliko majumba ya kale.

Kwa anayetoka Afrika Mashariki, viza ya Schengen ni yuro 90 kwa mtu mzima, bila kuhesabu ada ya kituo cha kupokea maombi. Baiskeli yangu nilikodi Lyon kwa yuro 130 kwa wiki, ikiwa na karia ya nyuma na mabegi mawili ya pembeni. Sharti kubwa nililompa mwenye duka lilikuwa gia nyepesi sana, na namshauri kila atakayepita huko asikubali baiskeli nzuri ya mjini yenye gia tatu.

Jumapili: Lyon, Orange, Vacqueyras

Tulipanda TER, yaani treni ya mikoa, ambayo hupokea baiskeli bila kuifungasha, tukashuka Orange kabla ya saa tano asubuhi. Nauli ilikuwa yuro thelathini na kitu kwa kila mmoja. Baiskeli hutundikwa kwa gurudumu la mbele kwenye ndoano, na kwa kuwa ndoano ni chache ni vizuri kuwahi jukwaani na kuvua mabegi kabla treni haijafika. Orange tulisimama kidogo mbele ya ukumbi wa maonyesho wa Kirumi, ambao ukuta wake wa jukwaa una urefu wa mita 103 na kimo cha mita 37, kisha tukatoka mjini kwa barabara ya pembeni kuelekea Jonquières.

Hapo ndipo tulipoingia Via Venaissia, njia ya baiskeli iliyojengwa juu ya tuta la reli ya zamani ya Orange na Carpentras. Reli haivumilii miinuko mikali, kwa hiyo njia ni tambarare, imenyooka, na gari haliruhusiwi kuikanyaga. Upande wa kushoto mizabibu inaanzia ukingoni kabisa mwa lami na kuendelea hadi chini ya miamba ya chokaa iliyochongoka iitwayo Dentelles de Montmirail, na nyuma yake unasimama mlima Ventoux wenye kichwa cheupe, ambao kwa mbali hudhaniwa kuwa na theluji kumbe ni mawe matupu. Tulipishana na watoto wanaojifunza kuendesha, wazee wawiliwawili, na bibi mmoja aliyebeba kikapu cha matikiti kwenye karia yake. Alituonyesha kwa mkono bomba la maji lililofichika nyuma ya kituo cha treni kilichogeuzwa makazi.

Tuliiacha njia Sarrians na kukata kuelekea Vacqueyras, tukalala katika nyumba ya wageni ya familia inayolima mizabibu, kwa yuro 38 kila mmoja pamoja na kifungua kinywa.

Jumatatu: Vacqueyras, Suzette, Vaison-la-Romaine

Mwenyeji wetu alipojua kwamba kwetu Dodoma tunalima zabibu, aliniita saa kumi na mbili asubuhi nikaone shamba lake. Aina inayotawala huku ni Grenache. Mizabibu mikongwe haijafungwa kwenye waya kama yetu. Kila mmoja umekatwa mfupi na kusimama peke yake, shina nene lililopinda, matawi yakiwa yameinuliwa juu kwa duara. Alishangaa kusikia kwamba sisi tukipogoa kwa mpango tunavuna mara mbili kwa mwaka, kwani yeye huvuna mara moja tu, kuanzia Septemba. Mimi nami nilimuuliza habari za ubwiri, ugonjwa unaotutia hasara kubwa, akaelekeza kidole kaskazini. Upepo wa mistral, unaoshuka kwa kasi katika bonde la Rhône, hukausha majani upesi baada ya mvua, na kwa hiyo magonjwa ya ukungu hayapati nafasi kirahisi. Upepo huohuo ndio adui wa mwendesha baiskeli. Anayepanga safari aielekeze kutoka kaskazini kwenda kusini kadiri awezavyo, kwa sababu mistral ikivuma usoni hata mteremko hugeuka kazi.

Kutoka Beaumes-de-Venise, mji wa mvinyo mtamu wa muscat, tulishika barabara ya kupanda kupitia La Roque-Alric hadi Suzette. Hii ndiyo barabara ningeirudia kesho nikiambiwa nichague moja tu kati ya zile za siku za kwanza. Ni nyembamba kiasi kwamba magari mawili yakikutana moja husubiri, na kwa sababu hiyo madereva wengi huikwepa. Mizabibu imepandwa kwenye matuta yaliyozuiwa kwa kuta za mawe, mizeituni imesimama pembeni, na kila kona inafungua bonde jingine. Kupanda kulituchukua asubuhi nzima pamoja na mapumziko. Ubavuni mwa barabara nyenje walikuwa wakilia kwa nguvu kiasi kwamba ilitubidi kupaza sauti ili tusikilizane.

Malaucène tulifika saa saba mchana, jua likiwa kali na milango yote imefungwa. Hili lazima lieleweke mapema: vijijini, duka la mikate na la vyakula hufungwa tangu saa sita au saa sita na nusu mchana hadi karibu saa kumi, na siku moja katika wiki halifunguliwi kabisa. Nunua chakula cha mchana saa mbili asubuhi. Sisi tuliokolewa na mama mmoja wa mkahawa aliyekuwa ameshazima jiko. Alitukatia mkate, nyanya na jibini ya mbuzi, akatutoza yuro 6 kila mmoja. Tulilala kivulini karibu na chemchemi ya Groseau hadi joto lilipopungua, kisha tukateremka hadi Vaison kupitia Entrechaux.

Jumanne: Vaison, Mollans, Buis-les-Baronnies

Jumanne ni siku ya soko Vaison, nasi tulipanga ratiba kwa ajili hiyo. Soko linajaza mitaa yote ya katikati. Tulinunua zeituni nyeusi za Nyons, zenye mikunjo kama zabibu kavu na zisizo kali mdomoni, mkate wa ngano ya kale inayolimwa upande wa Sault, na matikiti matatu kwa yuro 5. Daraja la Kirumi la hapo lina tao moja tu juu ya mto Ouvèze. Tarehe 22 Septemba 1992 mafuriko yalipita juu yake na kuua watu wengi mjini, lakini daraja lenyewe lilibaki limesimama. Ukiuona mto wakati wa Julai, maji yakiwa hayafiki magotini, huwezi kuamini.

Njia ya kwenda Buis hufuata bonde la Ouvèze na haina mlima wa kutisha. Kabla ya Mollans spoki ya gurudumu langu la nyuma ilikatika, gurudumu likaanza kuyumba na kugusa breki. Mzee mmoja aliyekuwa akimwagilia bustani alitoka, akatazama, akaingia gereji yake bila kusema neno na kurudi na kopo lililojaa spoki za kila urefu. Alipima tatu, ya nne ikakaa. Alinyoosha gurudumu kwa kulizungusha karibu na ukucha wa kidole gumba, akisikiliza linapokwaruza na kukaza spoki ya upande wa pili robo mzunguko kila mara, na kazi yote ilichukua kama dakika arobaini. Nilipotoa pesa alikunja uso, akanijazia mfuko wa aprikoti kutoka kwenye mti wake. Mdogo wangu aliniambia, “Dada, huyu ungemkuta Kondoa,” nami nikakubali.

Beba spoki mbili za urefu wa gurudumu lako, zifunge kwa mpira kwenye fremu. Kati ya Vaison na Sault fundi wa baiskeli hapatikani kirahisi.

Eneo la kambi Buis lilikuwa yuro 18 kwa watu wawili na hema moja.

Jumatano: Buis, Brantes, Montbrun-les-Bains, Sault

Hii ndiyo siku niliyoandika kurasa nyingi kuliko zote. Tuliondoka Buis giza likiwa halijaisha, tukapanda polepole kupitia Eygaliers hadi Col de Fontaube, mita 635 juu ya usawa wa bahari. Katika kupanda kote huko tulipitwa na gari moja, la mtu anayesambaza mikate, ambaye alipunguza mwendo na kutusalimu kwa honi fupi. Mazingira hubadilika huku: mizabibu inapungua, mizeituni inabaki kwenye miteremko inayotazama jua, na vipande vya kwanza vya lavenda vinaonekana kati ya mashamba ya aprikoti na milozi.

Ukivuka kilele cha barabara unakutana ghafla na upande wa kaskazini wa Ventoux, ambao watu wengi hawaujui. Mlima una urefu wa takribani mita 1,910, na upande huu unashuka kwa ukuta wa misitu na mawe hadi kwenye bonde la mto Toulourenc. Mkabala na mlima huo, kijiji cha Brantes kimeng’ang’ania jabali, nyumba moja juu ya nyingine. Wapanda baiskeli wengi hupenda kupanda Ventoux wenyewe, na ninawaheshimu, lakini kiangazi barabara zake zina pikipiki, magari ya wapiga picha na mabasi madogo. Bonde la Toulourenc linaambaa chini ya mlima uleule, na saa nzima tulisikia maji na ndege tu.

Brantes tulisukuma baiskeli kwa miguu kwa sababu mitaa yake ni ngazi. Mwanamke mzee aliyekuwa akikamua mop mlangoni alitazama chupa zetu, akaziomba zote, akazirudisha zimejaa maji baridi yenye vipande vya limau. Kuhusu maji: karibu kila kijiji kina chemchemi uwanjani. Palipoandikwa “eau potable” maji ni salama kunywa. Palipoandikwa “non potable” usinywe, hata yakiwa yanang’aa. Siku za joto tulikuwa tukimaliza lita nne kila mmoja.

Kutoka Brantes barabara huteremka na kufuata mto kupitia Savoillan hadi Montbrun-les-Bains, kijiji cha chemchemi za maji yenye salfa, ambapo tulikula chakula cha siku kwa yuro 17. Kisha kulikuwa na mlima wa mwisho hadi Aurel, katika jua la alasiri, nao ulikuwa mgumu. Ila baada ya kona moja chini ya Aurel bonde lote la Sault lilifunguka, mistari ya zambarau ikipishana na dhahabu ya ngano, na harufu ikatufikia kabla hatujasimama. Soko la Jumatano la Sault lilikuwa limekwisha fungwa tulipofika.

Alhamisi: Sault, Ferrassières, Saint-Trinit

Mabegi tuliyaacha kambini na kuzunguka nyanda za juu kwa baiskeli nyepesi. Barabara ya Ferrassières hupita katikati ya mashamba kwa kilomita nyingi, na kwa kuwa tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa na mashamba hayo peke yetu hadi saa tatu. Baada ya hapo magari ya wapiga picha huanza kuegeshwa kandokando. Naomba wanaokwenda wasikanyage kati ya mistari ili kupiga picha. Shamba lile ni mshahara wa mtu, na nyuki waliomo ni wengi mno.

Mkulima mmoja aliyekuwa akinoa visu vya mashine yake alinifundisha kutofautisha mimea miwili ambayo mgeni huiita kwa jina moja. Alichuma bua moja moja na kuyaweka kiganjani mwangu. Lavenda halisi ina bua fupi lenye suke moja tu juu. Lavandini, ambayo ni chotara isiyozaa mbegu, ina bua refu lenye matawi mawili ya pembeni, kila tawi na suke lake dogo. Lavenda halisi hupenda mahali pa juu, kuanzia takribani mita 800, na mafuta yake ya Haute-Provence yamelindwa kwa jina la asili tangu 1981. Lavandini hustawi hata chini zaidi na hutoa mafuta mengi zaidi kwa ekari, yenye harufu kali iliyo karibu na kafuri, ambayo huishia kwenye sabuni. Vichaka kadhaa pembeni mwa shamba vilikuwa vimekauka upande mmoja. Alieleza kwamba ni ugonjwa unaoenezwa na mdudu mdogo anayefyonza utomvu, na kwamba yeye sasa huotesha nafaka kati ya mistari ili kumpunguza mdudu huyo. Alizungumza habari hiyo taratibu, mkono juu ya kichaka, na nilimwelewa vizuri, maana mimi pia nimeona mizabibu ikifa mmojammoja.

Mchana tuliruhusiwa kusimama katika kiwanda kidogo cha kukeneka mafuta. Mavuno hushindiliwa ndani ya pipa kubwa la chuma, mvuke unapulizwa kutoka chini, unapita katikati ya mabua na kutoka juu ukiwa umebeba mafuta, kisha unapoozwa ndani ya bomba lililojizongomeza kwenye maji baridi. Kinachotiririka mwishoni ni maji na mafuta. Mafuta huelea juu, na fundi huyatenga kwa kuyaacha yamwagike kwenye mdomo mdogo wa chombo. Kwa lita moja ya mafuta ya lavenda halisi zinahitajika zaidi ya kilo 100 za maua. Nilinunua chupa ya mililita 10 kwa yuro 9, na sikuiona ghali tena.

Tulirudi kupitia Saint-Trinit. Upande wa kusini unaanza uwanda wa Albion, ambako kuanzia 1971 hadi 1996 Ufaransa ilihifadhi makombora yake ya nyuklia ndani ya mashimo ya ardhini, chini ya mashamba haya haya. Kituo kimojawapo cha kuongozea urushaji, upande wa Rustrel, sasa ni maabara ya chini ya ardhi, iliyochaguliwa na wanasayansi kwa sababu ya utulivu wake.

Ijumaa: korongo la Nesque, kisha Saint-Saturnin-lès-Apt

Saa kumi na moja na nusu tulikuwa tumekwisha pita Monieux, kwenye barabara iliyochongwa ubavuni mwa korongo la Nesque. Tulikwenda hadi jukwaa la kutazamia la Castelleras, mita 734, linalotazamana na jabali la Rocher du Cire lenye mita 872. Mto uko chini sana, umefunikwa na miti, na barabara haina mwinuko mkali wowote. Saa hiyo hapakuwa na gari hata moja. Tuliporudi, saa mbili na nusu, pikipiki zilikuwa zimeanza kupanda kwa makundi. Zipo njia za chini kwa chini fupi zisizo na taa kwa wale wanaoendelea kuteremka hadi Villes-sur-Auzon, hivyo taa ya nyuma ni lazima.

Siku za upepo na ukame mkoa hufunga njia za msituni kwa hofu ya moto. Uliza ofisi ya utalii jioni ya kuamkia safari, nao hukuonyesha ramani ya kesho yake.

Kutoka Sault hadi Saint-Saturnin kupitia Javon ni mwendo wa msitu wa mialoni mifupi, usio na mengi ya kusimulia, hadi mteremko mrefu wa mwisho unaorudisha mizabibu, mizeituni na joto.

Jumamosi: Apt, Pont Julien, Cavaillon

Soko la Apt la Jumamosi ni kubwa kuliko la Vaison, na matunda ya kukaushwa kwa sukari ndiyo fahari ya mji. Gramu 200 zilinigharimu yuro 7. Hapo tuliingia njia ya Calavon, nayo pia imejengwa juu ya reli ya zamani, yenye kilomita takribani 37 kwa jumla ikihesabiwa kuanzia Saint-Martin-de-Castillon hadi Cavaillon. Alama zake ni wazi, lami ni laini, na kila inapokatiza barabara ya magari kuna vizuizi vinavyomlazimu mpanda baiskeli kupunguza mwendo.

Magharibi ya Apt njia inafika Pont Julien, daraja la Kirumi la matao matatu lililojengwa mwaka wa 3 kabla ya Kristo. Magari yalilipita hadi 2005, likajengwa jingine karibu, na hili la kale likaachiwa wenye miguu na wenye baiskeli. Tulilivuka polepole, tukaketi chini ya tao la kati tukila tikiti la mwisho. Nguzo zake zimetobolewa madirisha ili maji ya mafuriko yapate pa kupita. Familia ya Wabelgiji iliyoketi karibu nasi ilitugawia jibini, sisi tukawapa matunda ya Apt, na baba yao akakaza kwa funguo zake skrubu ya karia yangu iliyokuwa imelegea tangu Sault.

Baada ya Coustellet bonde hupanuka, bustani za matunda huchukua nafasi ya mizabibu, na njia inaingia Cavaillon bila kumlazimisha mtu kukabili barabara kuu. TER za kwenda Avignon hupokea baiskeli, lakini Jumamosi jioni zilikuwa zimejaa, na ilibidi tuiache moja ipite. Mwenye siku ya ziada asiianzie njia ya Calavon Apt kama sisi. Apande kwanza mashariki hadi Saint-Martin-de-Castillon, kisha ateremke nayo yote, kwa sababu kipande kile cha juu ndicho kisicho na watu kabisa.